Kaniki Haipimwi

Joho liliishia kwenye vifundo vya miguu, na Mwenyekiti alitaka liburuzike.

"Akida hakuwa anavaa nguo ya kuazima," alisema Agapiti. "Ongeza huku chini."

Digna alikuwa amepiga magoti nyuma yake, pini mdomoni. Alizitoa kabla ya kujibu. "Kitambaa kimeisha, Mwenyekiti. Hili lilikuwa pazia la kanisani, masista walinipa lilipochanika. Nikiongeza itabidi niunge, na kiungo kitaonekana kwenye kamera."

"Unga. Nani atamuuliza mtu mkubwa habari za kiungo?"

Mbele ya Mwenyekiti alisimama Fulgensi, mume wa Digna, amekumbatia kioo kilichong'olewa kwenye mlango wa kabati lao la nguo. Kioo kilikuwa kimeanza kumwelemea.

"Inua," aliamuru Agapiti. "Hapana, shusha. Sasa sioni mabega. Fulgensi, unapiga picha harusi za watu mpaka Mang'ula, kushika kioo kunakushinda?"

Pantaleo, mgambo wa kijiji, aliyekuwa ameegemea nguzo ya baraza, alicheka. Alikuwa akicheka kila Mwenyekiti anapotania, hata asiposikia alichosema.

Filamu ilikuwa wazo la Fulgensi. Alikuwa na kamera ya begani, aliyotumia kurekodi harusi, upadrisho na jubilei za watawa, na kwa muda mrefu alitaka kutengeneza kitu ambacho hakuna bibi harusi ndani yake. Alichagua habari ya wakati wa Mjerumani: akida aliyewalazimisha watu wa kijiji chao cha Lukandi kulima shamba la pamba ambalo mavuno yake hawakuyaona. Alipokwenda kuomba kibali, Agapiti alimuuliza swali moja tu: mkubwa humo ndani ni nani?

"Akida, Mwenyekiti."

"Basi akida ni mimi. Katika kijiji hiki sitaki mtu mwingine aonekane anatoa amri, hata kwenye video."

Hakukariri mstari wowote, na hakuhitaji. Pale ambapo akida alipaswa kusema kwamba asiyefika shambani atalala boma, Agapiti alisema atalala stoo, kwa sababu stoo ya kijiji ndipo alipokuwa akiwafungia watu. Fulgensi hakukata. Akida alipopokea salamu bila kuitikia, hilo halikuwa limeandikwa popote. Watu wa Lukandi waliokuwa wakiigiza walitazamana, kisha wakatazama chini. Hakuna aliyehitaji kuelezwa filamu ilikuwa inamsema nani. Aliyekuwa hajui alikuwa mmoja, naye sasa alikuwa akijitazama kiooni akiwa ameridhika.

"Katibu wangu amenisomea mwisho," alisema Agapiti akigeuka aone mgongo. "Eti watu wanaweka majembe chini, wanaondoka, akida anabaki peke yake shambani. Mwisho huo haupo."

"Ndivyo ilivyokuwa, Mwenyekiti," Fulgensi alisema kutoka nyuma ya kioo.

"Ulikuwepo?"

"Hapana."

"Basi. Mwisho utakuwa hivi. Pamba imechanua. Wananchi wote wanakuja kunishika mkono. Mzee mmoja, au bibi, anatoa hotuba ya shukrani. Uchaguzi ni mwezi wa kumi, na safari hii wanasema kuna vyama vingi. Video hii nitaionyesha kwenye mkutano." Alivuta mguu Digna alipobana pini karibu na kisigino chake. "Fulgensi, lile shamba lako la bondeni, nani alikugawia?"

"Wewe, Mwenyekiti."

"Mimi. Jumamosi tunapiga picha ya mwisho. Jumatatu kamati ya ardhi inakaa. Nadhani tumeelewana. Shusha kioo, utakivunja."

*

Walikula wali na kitoga kabla giza halijaingia, kwa kuwa mafuta ya taa yalikuwa yamewekwa kwa ajili ya kushona. Scolastica, mama yake Fulgensi, alikaa mkekani ameikunjia miguu upande mmoja, akitenga miiba ya samaki pembeni ya sahani.

"Yule mtu alikuwa anataka nini muda wote ule?"

"Anataka watu wamshukuru," alisema Fulgensi. "Mwisho wa filamu."

"Wamshukuru kwa lipi?"

"Kwa pamba, mama."

Scolastica alitafuna, akameza. "Baba yangu alichapwa viboko kwa pamba hiyo. Sikumbuki alisema asante. Labda alisahau kunisimulia."

"Mama, mimi sicheki."

"Wala mimi."

Habari yote ya filamu ilitoka kwake. Vita ilikuja baadaye, na njaa ikaja baada ya vita, na hayo watu wengi waliyajua. Alichokisimulia Scolastica kilikuwa asubuhi moja kabla ya hayo yote. Siku hiyo hapakuwa na mkuki wala dawa wala kelele. Watu walikuwa wanapalilia, wakaweka majembe chini, wakaenda mtoni. Baba yake alimwambia kwamba akida alibaki akiita majina mpaka sauti ikamkauka.

Lukandi sasa ilikuwa na shamba lake. Liliitwa shamba la maendeleo. Kila Jumamosi kila nyumba ilitoa mtu mmoja mwenye jembe. Mavuno yalipakiwa kwenye lori, na taarifa yake haikuwahi kusomwa mkutanoni tangu Agapiti aliposhika uenyekiti wakati wa vijiji vya ujamaa. Aliyeuliza alihamishiwa shamba lake mlimani, kwenye mawe. Asiyefika alilala stoo.

"Nitapiga picha anavyotaka," alisema Fulgensi. "Ni picha tu. Tukinyang'anywa bonde tutakula nini, kanda?"

"Sijasema usipige," alisema Digna.

"Unanyamaza kama mtu aliyesema."

Digna alikusanya sahani, akaziweka moja juu ya nyingine. "Jumamosi unapiga picha ya mwisho, kama alivyosema. Kijiji chote kitakuwepo, kama alivyosema. Akida amekaa kwenye kiti chake. Hayo yote ameyapanga mwenyewe. Kilichobaki ni watu kujua wafanye nini."

"Na nani atawaambia? Watu zaidi ya watano wakikaa pamoja bila barua yake, Pantaleo anakuja na rungu."

"Mmoja mmoja hakuna anayewakataza. Watakuja kwangu niwapime nguo za filamu."

"Nguo gani? Wote wanavaa kaniki. Kaniki unafunga tu, mama Jane."

Scolastica ndiye aliyecheka kwanza, akafunika mdomo kwa upande wa khanga. "Akili anayo," alimwambia mkwewe. "Ila inachelewa kuamka."

Fulgensi hakucheka. Alikaa akimtazama mkewe kama anatazama picha iliyotoka na mtu asiyemtarajia ndani yake. "Baba Jane ukikataa, nitaacha," alisema Digna. "Shamba ni la wote."

Hakukataa, na hakukubali. Alitoka nje kwenda kufuta vumbi kwenye kamera.

*

Walianza kuja kesho yake. Digna alikaa barazani na cherehani yake, utepe shingoni, Pantaleo akipita njiani mara kwa mara na rungu kwapani. Kazi ilikuwa rahisi kuieleza: aliwapima mabega, kiuno, na urefu kutoka kiunoni mpaka chini, na wakati wa kupima urefu aliinama karibu nao na kusema alichokuwa nacho.

Tadei, mvuvi, alifika akiwa bado na magamba mikononi. "Mama Jane, kaniki ya kupimwa ndiyo fasheni ya Dar?"

"Nyoosha mkono."

"Mkono unahusikaje na shuka?"

"Tadei, nyoosha mkono. Mgambo anaangalia."

Alinyoosha. Digna alimwambia: Jumamosi, bibi Scolastica akiweka jembe chini, naye aweke, aondoke, asikimbie, asiseme neno baya. Tadei aliacha utani.

"Wengine wamekubali?"

"Wengine watasema wenyewe."

"Nikiweka jembe peke yangu je? Nitasimama pale kama nani?"

"Utasema umechoka."

Paulina, mjane, hakusubiri maelezo. Mwezi wa nne binti yake alikuwa anajifungua, naye akakosa Jumamosi moja. Alilala stoo juu ya magunia ya mbolea huku mjukuu wake akizaliwa. "Usinieleze sana, mwanangu," alisema, mikono juu apimwe kiuno. "Niambie siku."

Viktor, aliyekuwa akiongoza kwaya, alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema hataweka jembe chini. Alikuwa na watoto na mashamba mawili, yote ya kugawiwa. Digna alimwambia ameelewa, akamalizia kupima kiuno chake na kumshukuru.

"Lakini pia sikusikia kitu," alisema Viktor akishuka ngazi.

Siku ya tatu alikuja Stumai. Alikuwa mke wa Agapiti, mwanamke mrefu wa Malinyi, mwenye kawaida ya kutosalimia watu mpaka wamsalimie. Digna alisimama, akamwamkia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Stumai alitazama utepe, akatazama bunda la kaniki lililokuwa halijafunguliwa juu ya kiti. Alilishika kwa vidole viwili, akalikunjua kidogo, akaliacha. "Kijiji kizima kinapita hapa."

"Ni kwa ajili ya Jumamosi."

"Naambiwa unawapima."

"Ndiyo, mama."

"Kaniki haipimwi," alisema Stumai. "Mimi nimefungwa kaniki na mama yangu tangu sijui kutembea. Haikatwi, haishonwi. Unaifunga."

 Digna aliweka mkono kwenye gurudumu la cherehani bila kulizungusha. Stumai alisubiri muda wa kutosha kuonyesha kwamba hakutegemea jibu, akageuka, akaondoka.

Scolastica, aliyekuwa akipepeta mchele uani, alisikia yote. "Kwisha kazi," alisema.

*

Jioni ile ile Pantaleo alikuja kumwita Fulgensi. Agapiti alikuwa anakula. Hakumkaribisha kiti, na Fulgensi alisimama karibu na mlango akitazama mtu anavyokula kuku.

"Mke wako anapima nini?"

"Nguo za filamu, Mwenyekiti."

"Pantaleo anasema mama yake mzazi anavaa kaniki na hajawahi kuona mtu anaipimia utepe. Sasa nakuuliza wewe, kwa sababu wewe ni mtu wa shule. Watu wangu wanafuata nini kwenye baraza lako?"

Stumai aliingia na beseni na birika la maji ya kunawa. Alisimama kando ya mumewe, akisubiri amalize mfupa.

Fulgensi aliliona shamba la bondeni kana kwamba limewekwa mezani kati ya sahani. Udongo wake ulikuwa mweusi, ulishika maji hata mvua zilipokwisha. Mwezi wa pili wote walihamia huko, wakalala kwenye dungu juu ya nguzo, wakafukuza ndege toka alfajiri. Ada ya Jane, aliyekuwa shule ya bweni Mahenge, ilitoka pale. Sentensi moja ingetosha kulibakiza, na mtu mwenye sentensi hiyo alikuwa yeye. Na kama asingeisema, mwanamke mwenye birika angeisema. Alijua hivyo. Alijua pia kwamba hata akilibakiza, angesimama tena mlangoni hapa mwaka ujao kwa sababu nyingine.

"Kaniki za wakati wa Mjerumani zilikuwa na pindo, Mwenyekiti," alisema. "Pindo lilikatwa kwa urefu wa mtu. Tukivaa hizi za dukani bila pindo, mtu anayejua historia atatucheka."

Ulikuwa uongo usio na mguu hata mmoja wa kusimamia. Pantaleo alifungua mdomo. Agapiti alimgeukia mkewe.

"Eti?"

Stumai alielekeza maji kwenye vidole vya mumewe, taratibu, bila kumwaga pembeni. "Bibi yangu alikuwa nayo," alisema. "Yenye pindo. Tulimzika nayo."

Agapiti alinawa, akatikisa mikono. "Unaona?" alimwambia Pantaleo. "Mambo ya historia yanataka utafiti. Wewe unaniletea habari za mama yako."

Fulgensi alirudi nyumbani moja kwa moja. Digna na Scolastica walikuwa wamekaa kama watu wanaosubiri gari la wagonjwa.

"Weka pindo," alisema.

"Pindo gani?"

"Kwenye kaniki. Zote. Nimeapa kwamba zilikuwa na pindo, na mke wa Mwenyekiti ameapa na mimi."

Digna alimtazama, kisha akacheka mpaka akalazimika kukaa chini. Halafu akawasha taa, akafungua bunda, akaanza kushona pindo kwenye kaniki ambazo tangu zianze kuvaliwa hazijawahi kuwa nalo. Fulgensi alikaa upande wa pili wa cherehani akimkunjia kitambaa.

*

Shamba la maendeleo ndilo lililochaguliwa kwa picha ya mwisho, kwa kuwa ndilo pekee lenye mistari iliyonyooka. Palikuwa na mbaazi zilizobaki, na wanawake walikuwa wamezifunga sufi kwenye matawi mpaka kwa mbali zikaonekana kama pamba iliyochanua. Watu walisimama kwenye mistari wamejifunga kaniki zenye pindo, majembe mkononi. Miguu ilikuwa peku. Fulgensi aliwaomba wavue saa, wakavua.

Agapiti aliletwa amebebwa kwenye kiti. Pantaleo na mgambo mwenzake walikuwa na kaki na kofia nyekundu, na mabegani bunduki alizochonga seremala kwa mti wa mninga na kuzipaka rangi ya viatu. Marungu yao waliagizwa wayaache nyumbani, kwa sababu askari wa Mjerumani hakuwahi kubeba rungu.

"Mwenyekiti," alisema Fulgensi, jicho likiwa tayari kwenye kamera, "nikisema anza, watu wanalima kidogo. Ukiinua mkono, wanakuja kushukuru. Bibi Scolastica ndiye msemaji."

"Hotuba anaijua?"

"Anaijua yote."

Ilikuwa kweli. Katibu wa kijiji aliiandika, Scolastica akasomewa mpaka akaishika, pamoja na maneno kuhusu uongozi bora.

"Anza."

Majembe yaliinuka na kushuka. Udongo ulikuwa mkavu, vumbi likapanda mpaka magotini. Agapiti aliwaacha wafanye hivyo kwa muda, akionekana kufurahia sauti ya majembe, kisha akainua mkono.

Scolastica alinyoosha mgongo. Alimtazama mtu aliyekaa kitini, akamtazama vizuri, kama anayetaka kuhakikisha kwamba ni yeye. Akaweka jembe chini. Hakulitupa, aliinama akalilaza. Akageuka, akaanza kutembea kuelekea mtoni, polepole, kwa sababu ya magoti yake.

"Bibi," alisema Agapiti. "Hotuba."

Paulina aliweka jembe chini. Tadei akaweka lake, akasema kwa sauti, "Nimechoka," na kumfuata. Baada ya hapo haikuwezekana tena kufuata nani alifuatia nani. Mistari ilifunguka kama mshono uliokatwa uzi. Viktor aliendelea kulima. Alilima kwa kasi, kichwa chini, mpaka aliposikia kwamba jembe linalolia ni lake tu. Alisimama. Hakuliweka chini, alilitia begani, akatazama kushoto na kulia, akaondoka nalo.

"Kata!" alipiga kelele Agapiti. "Fulgensi, zima hiyo! Nyie! Rudini hapa! Paulina, umesahau stoo? Nitakurudisha! Tadei, mtumbwi wako nitauchoma!"

Stumai alikuwa mstari wa nyuma, na ili kufika mtoni alilazimika kupita mbele ya kiti. Alipita, mikono mitupu.

"Stumai," alisema mumewe.

"Si tunaigiza?" alijibu, na hakusimama.

Agapiti aliruka kutoka kitini, joho likamkamata miguuni, akashika bega la Pantaleo asianguke. "Wakamate!"

"Kwa kitu gani, Mwenyekiti?" Pantaleo aliuliza. Aliinua bunduki ili aeleweke. "Hii ni mti."

"Rungu lako liko wapi?"

"Nyumbani. Tuliambiwa ni la kisasa."

Mgambo wa pili alikuwa ameshavua kofia nyekundu na kuishikilia mbele ya tumbo, kama mtu aliyeingia msibani. Shambani walibaki watano tu: hao wawili, Agapiti, Digna, na Fulgensi aliyekuwa hajatoa jicho kwenye kamera. Digna alisimama nyuma yake akiwa ameshika begi la betri. Kaniki zilikuwa zimeshafika kwenye matete ya mtoni.

Agapiti alikuja moja kwa moja kwa Fulgensi, karibu kiasi kwamba uso wake ulijaza picha yote.

"Shamba lako limeondoka," alisema. "Umesikia? Limeondoka leo, sisubiri Jumatatu. Na mkeo, na huyo mama yako mchawi, mtatafuta pa kulala. Kijiji hiki ni mimi."

Fulgensi alikuwa amewaelekeza maharusi wengi, mapadri, hata askofu mmoja. Alikuwa na sauti ya kazi hiyo, ya upole na isiyo na haraka, na ndiyo iliyomtoka sasa.

"Rudia, Mwenyekiti," alisema. "Ukiangalia huku."

Agapiti alifungua mdomo. Aliitazama lenzi. Kamera ilikuwa inanguruma kidogo, na zaidi ya hiyo hapakuwa na sauti yoyote shambani. Akaufunga mdomo.

*

Kanda iliondoka Lukandi mchana huo huo ndani ya kapu la mbaazi la Paulina, na kufikia Jumapili jioni ilikuwa Ifakara mjini, kwenye banda la video karibu na soko. Fulgensi hakuweka muziki. Hakukata chochote kwenye picha ya mwisho, hata pale akida wa wakati wa Mjerumani anapomtaja Tadei kwa jina na kumtishia kuuchoma mtumbwi wake. Watazamaji walicheka sana mwanzoni, kisha wakapunguza. Mtu mmoja wa Mang'ula alitaka kujua mwigizaji yule mkubwa wamempata wapi, maana alikuwa anafanana kila kitu na mwenyekiti wa kwao, isipokuwa wa kwao ni mfupi. Mwenye banda aliombwa airudie, akairudia.

Jumatatu kamati ya ardhi haikukaa, kwa sababu wajumbe wake wawili walikuwa wameondoka na wenye kaniki Jumamosi, nao hawakuja. Agapiti alimtuma Pantaleo peke yake bondeni, akiwa na kamba na vigingi vinne, alipime shamba la Fulgensi ili ligawiwe mtu mwingine.

Digna alikuwa huko tangu asubuhi, anafyeka mabua ya msimu uliopita. Hakuacha kazi. Pantaleo alimsalimia, akaitikiwa. Alipigilia kigingi kimoja kwenye kona, akafunga kamba, akaivuta mpaka katikati ya shamba, na pale kigingi kikang'oka nyuma yake. Alirudi, akakipigilia tena. Udongo wa bondeni ulikuwa na nyufa, haukushika. Kazi ile ilihitaji watu wawili, mmoja kila upande.

Tadei alikuwa anapita na nyavu begani.

"Tadei! Njoo unishikie kamba."

"Nina haraka."

"Kidogo tu."

"Nimekwambia nina haraka, Panta."

Alipita Viktor, amepakia baiskeli magunia. Aliposikia akiitwa alishuka, akaitazama kamba, akamtazama Digna anayefyeka, akapanda tena baiskeli bila kujibu. Wanawake watatu waliokuwa wanatoka kisimani walisimama mbali kidogo wakaangalia. Pantaleo hakuwaita.

Alikaa juu ya tuta. Jua lilikuwa limeshakuwa kali. Baada ya muda alimuuliza Digna kama ana maji, naye akamnyooshea kidumu.

"Mama Jane," alisema alipokwisha kunywa, "wewe mwenyewe huwezi kunishikia huo upande mwingine? Nimalize tu nirudi."

Digna aliegemea mpini wa fyekeo, akamtazama kuona kama anatania. Hakuwa anatania. "Hapana, Pantaleo," alisema.

Pantaleo aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepewa jibu alilokuwa akilijua. Akainuka, akaanza kuikunja kamba kwenye kiwiko.